Chini ya Rangi

Kutu haibishi hodi kwenye bati.
Miaka thelathini na miwili hapa Grogan, kando ya mto,
nimeipapasa kwa kidole gumba:
huanzia chini ya rangi, palepale panapong'aa,
kipovu kidogo kama kipele cha mtoto,
na mwenye gari husema, hilo ni vumbi tu, fundi.

Jumanne hii gari lilikuwa mimi.
Nasimiyu, muuguzi wa zamu, alinitoboa kidole,
akatazama kimashine, kisha akanitazama.
"Kumi na moja nukta nne, Mzee Munyoki. Na hata chai hujanywa."
"Lakini siumwi popote."
"Hapo ndipo ubaya ulipo."

Akageuza kadi yangu, akachora duara,
na ndani yake majiko madogo, mengi, ya kupikia nguvu.
Kila jiko hurusha cheche, alisema.
Cheche nazijua. Shati hili lina matundu yake.
Ujanani mwili una ndoo zake za kuzizima;
ukifika umri wangu majiko yamechakaa,
moshi mwingi, moto kiduchu,
na ndoo zenyewe zinavuja.
"Ni oksijeni hii hii inayokula mabati yangu?"
Akacheka. "Hiyo hiyo, mzee."

Kisha kalamu ikaelekea tumboni, kwa heshima.
Mafuta haya hayajalala, alisema, yanapiga mayowe,
na askari wa damu wanakuja na marungu
kumsaka mwizi asiyekuwapo.

Nikamkumbuka Ekiru, mlinzi wa yadi yetu,
usiku ule aliopuliza filimbi hadi alfajiri.
Mwizi alishatoroka saa nane.
Yeye bado anachapa milango, anachapa mapipa,
anachapa kioo cha Peugeot ya mteja.
Kulipokucha hatukuwa tumeibiwa chochote.
Kioo tulilipa.

Ndivyo unavyowaka, alisema, miaka na miaka:
moto wa makumbi, hauna mwali,
na cheche zinauchochea, nao unazaa cheche,
hata insulini ikija na ufunguo wake
inakuta kitasa kimeshika kutu.
Sukari inabaki nje, kwenye damu,
inarandaranda usiku kucha,
inagusa figo, inagusa macho, inagusa vidole vya miguu.

Nikamwuliza kama kuna redi oksaidi ya ndani.
Hakuna.
Kuna vidonge, asubuhi na jioni.
Kuna miguu yako. Kuna kulala mapema.
Kuna maharagwe na mchicha, na chapati moja,
si zile nne za Kalekye.
"Hatukurudishi upya," alisema. "Tunaichelewesha kutu."

Sikumwambia habari za pikapu ya Okumbe.
Nilikuwa na madeni, yeye alikuwa na haraka.
Tundu la sakafu nililijaza gazeti,
puti juu, msasa, rangi nyeupe,
ikatoka yadini kama bibi harusi.
Misimu miwili ya mvua baadaye
alirudi ameishika sakafu yake mkononi.
Hakunitukana. Aliiweka juu ya meza yangu,
ikameguka kama biskuti.

Kutoka Ngara nilishuka kwa miguu,
pole pole, kadi mfukoni,
nikipitwa na wabeba mikokoteni na jasho lao.
Yadini Musembi alikuwa anapaka puti mlango wa Datsun.
"Kwangua kwanza," nikamwambia.
"Nikwangue hadi wapi?"
"Hadi chuma kitoe sauti."

Nikaugonga kwa kifundo cha kidole, tukasikiliza wote wawili.
Alipoinama kutafuta msasa
nikajigonga ubavuni, mara mbili,
nikatega sikio.